Mauta na Mũkate

Ijumaa, 1 Novemba 2024. Wote

Mvua imefika. Usiku kucha juu ya mabati, hata simu ya mjomba nimeisikia vipande vipande. Susu, nyanya yangu, anakohoa tena. Hospitali hataki. Anataka watu washike jembe kwanza, yeye ataangaliwa baadaye. Nilimsikia nyuma ya mjomba, sauti kavu, akirudia neno moja: kũĩma. Kũĩma, kũĩma.

Wifi naye, Mkikuyu, yuko nje na mbegu za pojo, anawahimiza watoto wa ploti: kũrĩma! Mimi nimekaa dirishani, kichwani nina kulima. Watu watatu, kazi moja. R ya Murang'a, l ya pwani, na kwa Susu kule Mulango hakuna kitu, ni pumzi tu inayotoka kwenye ũ kwenda kwenye ĩ.

Nimeandika hivyo daftarini, lakini roho haijatulia. Kikohozi cha mwaka jana kilianza hivihivi.

Jumapili, 3 Novemba

Kanisani sikwenda. Orodha. Nimeipanga upya, Kikuyu kushoto, Kikamba kulia, Kiswahili pembeni.

Mũgeni, mũeni. Mũgũnda, mũũnda. Magego, maeo. Njogu, nzou. Kila Wifi anapotamka g, mimi nina pengo. Halafu r: njĩra, nzĩa. Mbũri, mbũi. Mweri, mwei. Mwĩrĩtu, mwĩĩtu. Na lile linalonipendeza kuliko yote, kũgũrũ. Wifi ana g na r, zote mbili zimesimama. Kiswahili kimeangusha ya pili, kikabaki na mguu. Kikamba kimeangusha zote: kũũ. Kiungo kizima kimebaki k moja na irabu ndefu.

Watu hudhani lugha huharibika kiholela, mzee huyu akalivuta neno, kijana yule akalikata. Sivyo. Sauti ikiondoka, huondoka kwa utaratibu, katika maneno ya jikoni na ya shambani na ya matusi, bila kumwomba mtu ruhusa. Ndiyo maana unaweza kuifuata nyuma, hatua kwa hatua, hadi mahali ambapo hakuna aliyekuwa na kalamu. Hilo lilinishika nikiwa msichana na bado limenishika. Chai imepoa mezani na sijali.

Ila nisijidanganye. G iko safi. Hii r ina vurugu. Kũrega kwa Wifi ni kũlea kwetu, kukataa. G imekwenda, l imebaki palepale. Igĩrĩ, ilĩ. Kwa nini l hizi zimekaa na zile zikaondoka? Nisiguse hilo wiki hii.

Jumanne, 5 Novemba

Ujumbe wa msimamizi wa tesisi yangu. Mfupi. Kama Kikamba nacho kilipita kwenye Kanuni ya Dahl, alama yake iko wapi?

Swali la haki. Limeninyima usingizi.

Edmund Dahl, mmisionari wa Kimoravia, aliiona kwenye Kinyamwezi. Mwanaisimu Meinhof akaipa jina la Dahl mwanzoni mwa karne iliyopita. Silabi mbili zinazofuatana zikianza na sauti sighuna, ile ya kwanza hugeuka ghuna. Wifi anaiishi bila kuijua. Kĩ- yake ikikutana na k mbele, inakuwa gĩ-. Ndiyo sababu lugha yake ni Gĩkũyũ, hata kama magazeti yanaandika vingine. Na lugha yangu mimi anaiita Gĩkamba.

Sisi wenyewe? Kĩkamba. K mbili zimekaa bega kwa bega wala hazigombani. Sikio, yeye gũtũ, sisi kũtũ. Ukitazama hapo utasema Dahl hakuwahi kuvuka kuja Ukambani.

Bennett aliliandika suala hili la Dahl mwaka 1967. Davy na Nurse wakalirudia mwaka 1982. Nimewasoma. Lakini msimamizi haniulizi wamesema nini, ananiuliza nina nini kutoka kinywani mwa mtu. Na kinywa ninachokitegemea kinakohoa.

Alhamisi, 7 Novemba. Mulango

Machakos, Wamunyu, Athi imejaa maji mekundu, halafu bodaboda kwenye utelezi. Nimefika nimelowa.

Susu amekonda. Mkono wake ni mwepesi sana. Aliniita mwĩĩtu, akaniuliza kama Wote kumenyesha, akaniuliza tena. Kunde zimepandwa. Mbaazi zimepandwa. Ametulia kidogo baada ya kuhakikishiwa hivyo na watu wawili tofauti.

Usiku, mjomba. Anashikilia kwamba Kikamba ni mtoto wa Kiswahili. "Sikiliza mwenyewe," anasema. "Njia, nzĩa. Mgeni, mũeni. Misafara yetu ilikwenda Mombasa na pembe, ikarudi na nguo na maneno."

Misafara ni kweli. Watu wa Kitui waliiendesha biashara ile wenyewe, na Kivoi alikuwa mkubwa wao. Lakini nikamwambia, "Mjomba, hebu mchukue Mdigo. Ni jirani wa Mswahili wa karibu kabisa. Mpaka leo husema njira, husema gulu. Basi Mswahili ameiangusha ile sauti mwenyewe, baada ya kuachana na Mdigo. Sisi tukaangusha yetu huku. Kila mtu kwa wakati wake."

Kimya. Nikaongeza: neno hapa, Wifi husema haha, sisi vaa. Kuomba kwa Wifi ni kũhoya, kwetu kũvoya. Fisi kwa Wifi ni hiti, kwetu mbiti. P ya zamani imekwenda h upande mmoja na v upande mwingine, na baada ya m imekuwa b. Mtu hakopi lugha nzima kwa mpangilio namna hiyo. Mpangilio hurithiwa.

"Kwa hiyo ni ndugu," mjomba akasema.

"Ni ndugu."

"Na mkubwa ni nani?"

Nikamwambia hakuna mkubwa, wote wametoka nyumba moja kwa siku moja. Hakulipenda jibu. Amekwenda kulala na hoja yake, na kesho ataamka nayo.

Ijumaa, 8 Novemba. Alfajiri

Lazima niandike sasa hivi kabla hakujapambazuka.

Susu alikohoa usiku. Akaomba mauta nimpake kifuani. Nimempaka, polepole, mbavu zinahesabika. Mauta, mauta, akaniambia niongeze. Nikaongeza. Akalala.

Mimi sikulala. Mauta!

Wifi: maguta. Kiswahili: mafuta, na ile f ya Kiswahili ilikuwa k, imegeuzwa na u kali ya kale iliyokuwa mbele yake. Katika Kibantu Mame, lugha ya kale iliyotuzaa sote, mzizi ulikuwa na k, kisha t. Sighuna mbili zinafuatana. Ya kwanza ikalainika ikawa g, na hapo ndipo Wifi aliposimama.

Sasa sisi. Kama Dahl hakutugusa, k ingebaki, na Susu angeniomba makuta. K haidondoki hivihivi kwetu: kũtũ ipo, ĩkũmi ipo, mwaki upo. Inayodondoka ni g. Kwa hiyo ili mauta yawe mauta, lazima yalikuwa maguta kwanza. Mababu wa Susu waliwahi kusema maguta. Hakuna aliyewasikia, hakuna aliyewaandika, na najua walisema hivyo.

Mikono yangu bado inanukia mafuta. Jogoo wa jirani ameanza.

Jumapili, 10 Novemba

Furaha imepungua. Neno moja si kanuni. Msimamizi atasema hivyo kabla sijamaliza sentensi. Nimepekua kamusi ya wamisionari ya 1939, herufi kwa herufi, nikitafuta irabu iliyokaa mahali pa k, na baada yake t au k au th. Kila ninapodhani nimelipata neno, linateleza.

Mjomba: "Unamtafuta nani humo?"

Susu hakula leo isipokuwa uji.

Jumanne, 12 Novemba. Wote

Nimerudi. Wifi ananiambia nimekonda mimi badala ya Susu.

Usiku nimesoma juu ya Kitibeti, kile kitabu nilichoazima. Nilitaka kupumzisha akili kutokana na Kikamba, badala yake kimenirudisha kulekule. Nane kwa Kitibeti huandikwa brgyad. B, r, g, y, a, d, zote zimepangwa. Nenda Lhasa, mtu atakutamkia silabi moja fupi, gye, b haipo, r haipo, d haipo. Maandishi yamebaki na sauti za watu wa karne ya 7 na ya 8, midomo imeendelea mbele. Ukitaka kujua Mtibeti wa kale alisemaje, unafungua kitabu. Au unakwenda kwenye ile nguzo ya mawe ya Lhasa, mkataba wa 821 na 822 kati ya mfalme wao na Wachina wa Tang, lugha mbili upande kwa upande, unasoma. Au unapanda milimani kwa Waladakh na Wabalti, ambao bado wanatamka baadhi ya zile herufi zilizonyamazishwa na mji mkuu. Halafu unamwita Mburma na Mchina nao walete nane yao. Ba ya Mchina imebaki na ile b ya mwanzo ambayo Lhasa imeimeza. Mmoja ameweka kichwa, mwingine ameweka mkia.

Sisi hatuna nguzo. Kitui hakuna jiwe lenye maandishi ya mwaka 821. Tuna Wifi! Nasema kweli. Kila herufi ambayo Kikamba kimeimeza, nikitaka kuiona, namwita Wifi jikoni namwambia taja meno, taja mgeni, taja mguu. Anataja huku anakoroga mboga.

Jambo jingine ambalo nitalifikiria zaidi. Toni za Lhasa zimezaliwa na konsonanti zilizokufa: sauti ya mwanzo wa neno ikapotea au ikafanana na nyingine, na tofauti ikahamia kwenye kupanda na kushuka kwa sauti ya mtu. Toni za Kikamba hazikuja kwa njia hiyo. Ni za ukoo, zilikuwapo tangu Kibantu Mame, juu na chini, na Kikamba kikaziongeza hadi ngazi nne. Whiteley na Muli waliandika somo zima la Kikamba mwaka 1962 na toni zikawa sehemu ngumu kuliko zote. Susu anazipita hizo ngazi nne bila kuangalia chini. Kinasa sauti kimezipata. Nimezisikiliza tena leo, kikohozi katikati.

Alhamisi, 14 Novemba

Mjomba amepiga simu. Wamempeleka Susu hospitalini. Ameshindwa kupumua alfajiri. Naondoka saa hii.

Jumamosi, 16 Novemba. Kitui mjini

Ni nimonia. Wamemwekea hewa. Wodi imejaa, lakini muuguzi wa usiku ana mikono ya upole na anamwita susu wake, basi nimemshukuru Mungu kwa huyo.

Asubuhi alifungua macho akataka chai. Chai! Baada ya siku zote hizi za uji kulazimishwa. Mjomba akakimbia nje kununua mkate. Aliporudi Susu akanyoosha mkono, akasema wazi kabisa, barakoa ikiwa kidevuni: mũkate.

Nilisimama pale na kikombe. Mũkate.

Wifi husema mũgate. Nimemsikia kila asubuhi nyumbani kwangu na sikuwahi kuliweka mezani pamoja na mauta. Ni neno la Kiswahili hilo, mkate, limepanda bara kutoka pwani. Lilipofika kwa Wakikuyu, k na t zikiwa zimefuatana, kanuni ikalidaka: mũgate. Kwao Dahl yu hai, anakamata hata mgeni mlangoni. Lilipofika kwetu hakuna aliyeligusa. Mũkate. Kama kanuni ingekuwa hai kwenye Kikamba siku ile, k ingelainika, lakini imesimama.

Basi nina ncha mbili. Mauta upande mmoja, neno la tangu na tangu, limepita mikononi mwa Dahl na alama iko. Mũkate upande wa pili, neno la juzi, limepita salama. Katikati ya hayo mawili, kanuni ilikufa kwetu. Na ndiyo maana Kĩkamba, ndiyo maana kũtũ: viambishi vinaundwa upya kila siku, kila mtoto anavibandika mwenyewe, hivyo kanuni ilipokufa vikarudi kwenye k yao. Mzizi haurudi. Mauta yalikwisha kupoteza g, yangerudi wapi?

Nilimwambia mjomba pale pale kitandani. Akanitazama. "Mama amekula vipande viwili," akasema.

Ndiyo. Amekula vipande viwili. Nimelia kidogo chooni, kwa yote mawili.

Jumanne, 19 Novemba

Homa imeshuka. Wanasema akiendelea hivi ataruhusiwa mwisho wa wiki.

Najiuliza kuhusu g ya kukopa. Gari kwetu ni ngalĩ, n imekuja kusaidia, kwa sababu Kikamba hakina tena g inayosimama peke yake. Mtu anaweza kunipinga kwa hilo: mũkate haukuwa mũgate kwa sababu g haikuwapo ya kugeukia. Pingamizi zuri. Lakini hata hilo linasema jambo lilelile: kufikia siku mkate unaingia Ukambani, mlolongo wote ulikuwa umekwisha, kulainika na kudondoka, yote mawili. Niliandike hilo kabla msimamizi hajaliuliza.

Jumapili, 24 Novemba. Mulango

Yuko nyumbani. Jambo la kwanza, alitaka kushikwa mkono akaone kunde. Tulimzuia. Akatununia hadi jioni.

Jumanne, 26 Novemba

Mjomba, bila kuulizwa, akiwa anakwangua matope kwenye jembe: zamani watu wa ng'ambo ya Athi, wa Machakos, waliwaita watu wa Kitui Athaisu. Babu yake hakulipenda jina hilo.

Nikaacha kula.

Daiso. Kule Tanga, chini ya Usambara ya Mashariki, Bwiti na vijiji vya jirani, kuna watu maelfu machache wanaosema Kidaiso. Guthrie alipozipa namba lugha zetu aliwaweka mlango wa pili kutoka kwetu: Kikuyu E51, Kikamba E55, Kidaiso E56. Wamezungukwa na Wadigo na Wasambaa, mamia ya kilomita kutoka hapa, na lugha yao ni ya ukoo wetu. Nurse aliandika kitabu juu yao, kilitoka mwaka 2000. Wadaiso ni tawi la Wasegeju, na Wasegeju Wareno waliwajua. Waliwaandika Mosseguejos, na mwaka 1589 ndio waliowasaidia watu wa Malindi kuwarudisha nyuma Wazimba. Wasegeju wengi siku hizi husema Kidigo na Kiswahili. Wadaiso wameishikilia ya kale.

Sasa weka majina kwa mstari. Thagicũ, jina la zamani la upande wa Wifi, ambalo wataalamu wamelichukua kuita ukoo mzima. Segeju. Athaisu. Daiso. Wapo wanaoona ni jina moja limetawanyika. Mimi natazama tu konsonanti. Thagicũ na Segeju wana g. Athaisu hawana, kama inavyotakiwa Kikamba kisiwe nayo. C ya Wifi kwetu ni s. Inakaa! Ninaogopa kuipenda sana, majina ya watu husafiri kwa miguu yao wenyewe na kukopwa na kila anayepita. Lakini inakaa.

Mjomba anauliza kama hao wa Tanga wanakula mũthokoi. Sijui cha kumjibu.

Jumamosi, 30 Novemba

Hakuna kazi. Nimemwosha Susu nywele. Anasimulia juu ya njaa za zamani, na nimewasha kinasa sauti kwa idhini yake. Alikikodolea macho, akakisalimia.

Jumanne, 3 Desemba

Miaka 175 leo. Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Krapf alikuwa huku Kitui, mgeni wa Kivoi, akauona mlima. Vilele viwili vyenye theluji, kaskazini magharibi, na wanasayansi wa Ulaya waliposoma walimcheka, kama walivyomcheka mwenzake Rebmann juu ya Kilimanjaro.

Wanaokumbuka, hukumbuka theluji. Mimi namkumbuka kwa kitabu cha 1850, msamiati wa lugha sita, Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kihiao na Kigalla, safu kwa safu kama orodha yangu ya ukutani. Mwaka huohuo alitoa Injili ya Marko kwa Kikamba. Kivoi aliuawa mwaka uliofuata karibu na Tana, wakiwa safarini pamoja, na Krapf akarudi kwa njaa na kiu akitembea usiku. Ningependa kujua Kivoi alimtamkiaje maneno yale. Alivuta irabu kama Susu? Alisimama kidogo mahali pa g?

Wakati mwingine namfikiria pamoja na yule Mhungaria, Csoma de Kőrös, aliyetembea hadi Himalaya akitafuta asili ya watu wake na badala yake akaipa dunia kamusi ya Kitibeti, Calcutta, 1834. Hakuwapata ndugu aliowafuata. Ndugu wa Kitibeti walikuwa wengine, Burma na Uchina, na kamusi yake ikawasaidia wengine kuwatambua.

Na mlima wenyewe. Wifi: Kĩrĩnyaga. Susu, nimemwuliza leo asubuhi akiwa anaota jua: Kĩĩnyaa. Toa r. Toa g. Ni mũeni na mũũnda na kũũ, sheria ileile haswa, juu ya jina la mlima. Maana ya jina nawaachia wanaoipigania, sauti zinanitosha. Krapf aliliandika kama alivyolisikia kwa mwenyeji wake, Kenia. Kama angekuwa mgeni wa mtu wa Murang'a siku ile angeandika r na g, na koloni lililopewa jina hilo mwaka 1920 lingeitwa jina jingine. Mluo anapotaja nchi yake, Mturkana, Msomali wa Mandera, mtoto anayeimba kwenye gwaride shuleni, wote wanatamka lile pengo la Kikamba. Nchi nzima imesimama mahali ambapo konsonanti mbili ziliondoka.

Nimemweleza Susu. Nilitumia dakika nyingi, kwa Kikamba, na si rahisi kuyasema haya kwa Kikamba. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Mbona mnasema Kenya, si Kĩĩnyaa?"

Nikamwambia Wazungu waliifupisha.

"Waambieni," akasema.

Mlima haukuonekana. Mawingu siku nzima.

Ijumaa, 6 Desemba. Wote

Msimamizi amejibu. Mauta na mũkate amevikubali, "vyote viwili, na pingamizi la g umelijibu kabla." Hapo hapo: neno moja la mzizi halitoshi kusimamisha sura ya tesisi. Nilijua. Hata hivyo nimeisoma sentensi ya kwanza mara nyingi zaidi ya ya pili.

Wifi ameoka mkate kwa sherehe. Mũgate.

Jumatatu, 9 Desemba

Susu anatembea na fimbo hadi mũũnda na kurudi. Daktari amesema apumzike. Hamsikii mtu.

Bwiti. Nimeamua. Mombasa, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, halafu nitauliza njia. Baada ya Krismasi, mbaazi zikishatoa maua na mjomba akiwa na mtu wa kumsaidia. Nahitaji mzee wa Kidaiso, mmoja akitosha, wawili nitafurahi. Nisimpe orodha ndefu, atachoka. Mafuta kwanza. Halafu mkate, kwa sababu kule pwani huenda mkate uliwafikia mapema kuliko sisi sote, nitaona kama kanuni iliukamata. Mgeni, meno, shamba, tembo. Mguu. Mlima nisiulize.

Nimwulize pia kama wanakula mũthokoi. Mjomba amenikumbusha leo tena.